Wageni Wawili Kwenye Kiti cha Mzee

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: umewahi kuingia nyumbani kwako ukakuta wageni wawili wamekalia kiti kimoja, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mwenzake yupo?

Usicheke. Siku ile, katika kituo cha polisi ambacho rangi yake ya bluu ilikuwa imebanduka hadi usawa wa kiuno, uhai wa mtoto mmoja ulining'inia kwenye swali hilohilo, na hakuna aliyekuwa amewaza kuliuliza.

Mtoto mwenyewe walimwita Kasuku, kwa sababu maneno hayakuwa yakimwishia. Alikuwa wa kike, meno ya mbele ndiyo kwanza yameanza kung'oka, gauni la manjano, na kifua cha pumu. Jana yake, alasiri, basi lao lilisimama kwenye kituo cha mapumziko, pale ambapo njia inagawanyika, moja ikipanda mlimani na nyingine ikishuka bondeni. Mama yake alimwacha amelala kwenye siti akaenda msalani. Aliporudi, siti ilikuwa tupu, na kandambili moja imebaki chini. Kipulizo cha dawa ya pumu kilikuwa kwenye mkoba wa mama. Tangu saa ile mama huyo alikuwa amekishika mkononi, akikitikisa kila baada ya muda kama anayetaka kuhakikisha bado kina dawa, na sasa alikuwa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa Inspekta, hajala wala hajalala.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na mkono mzito. Alikuwa na desturi ya kuvua saa yake na kuilaza kifudifudi mezani kila anapomhoji mtu, ili huyo mtu asihisi anaharakishwa. Siku hiyo saa ilikuwa imelala hivyo tangu asubuhi, na yeye peke yake ndiye aliyejua alivyokuwa akitamani kuigeuza.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliingia Sajini, yule waliyempachika jina la Kijiti kwa kuwa hakosi kijiti cha meno mdomoni. Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope.

"Kabichi, afande," alisema.

"Kabichi nini?"

"Pikapu yenye turubai la kijani. Tumeifukuza bondeni kote, tumeikuta. Tumefunua turubai, ni kabichi. Tumezishusha zote, moja moja, mwenye mali analia. Hakuna mtoto. Na hiyo pikapu jana ilikuwa gereji, haikutoka, fundi ameapa." Alikitoa kijiti mdomoni, akakitazama, akakirudisha. "Na gari letu limevunjika springi kwenye kurudi. Lipo kule kule. Mimi nimeletwa na pikipiki."

"Limebaki hili moja la hapa nje."

"Limebaki hili moja, na petroli yake ni ya kwenda sehemu moja tu. Ya pili tutasukuma."

Inspekta aligeuza macho polepole akamtazama bibi aliyekuwa ameketi ng'ambo ya meza.

Bibi huyo alikuwa amekuja mwenyewe asubuhi, hakuna aliyemwita. Mshona mapazia, mjane, kitenge kimepigwa pasi hadi mikunjo imesimama, mkoba magotini umefungwa kwa kifungo cha koti la mwanamume. Jana alikuwa abiria wa basi jingine, lililosimama palepale na kuondoka mapema. Leo akasikia tangazo redioni, gauni la manjano, akavaa viatu akaja. Alisema alimwona mtoto yule akiwa na mwanamke mwenye kilemba, nao wamo kwenye pikapu yenye turubai la kijani, matairi yametapakaa matope. Alilisema hilo bila kusita, kama mtu anayesoma ukutani.

"Bibi," alisema Sajini, "umetuuza."

"Sijamuuza mtu, mwanangu."

"Umetupeleka kwenye kabichi!"

"Nimekwambia nilichokiona kwenye kiti."

"Kiti gani tena? Si ulisema pikapu?"

"Kijiti, kaa," alisema Inspekta.

"Afande, mimi nimeshawaona watu wa namna hii. Mtoto akipotea, wanajitokeza. Wanataka picha yao itoke gazetini. Muulize anataka nini."

Inspekta alimuuliza. "Bibi, hebu tuelewane. Umekuja hapa kwa hiari yako. Kuna kitu unachokitaka?"

Bibi alikibonyeza kifungo cha mkoba, akakiachia. "Sitaki kitu."

Kutoka ukumbini ulisikika mtikisiko wa kipulizo, chaka, chaka, halafu kimya. Sajini aliinamisha kichwa.

Inspekta alivuta kiti chake akakileta upande wa bibi, meza isiwe katikati yao tena. "Umesema umekiona kwenye kiti. Nieleze hicho kiti, taratibu, kama vile mimi sijui kitu."

"Ni namna ya kukumbuka safari," alisema bibi. "Alinifundisha Mzee wangu. Yeye alikuwa dereva wa malori ya masafa. Barabara zote alizipanga kichwani, na alizipanga ndani ya nyumba yetu. Unaingia mlangoni, pale unaweka kitu cha kwanza ulichokiona njiani. Unakuja kwenye msumari wa mwavuli, unatundika cha pili. Cherehani yangu, cha tatu. Halafu pipa la maji, halafu kiti chake yeye, halafu kitanda. Ukitaka kukumbuka, unaingia tu nyumbani, unatembea, unavikuta."

"Na vinakaa?"

"Vinakaa ukivifanya vya ajabu. Kitu cha kawaida kinatoroka. Ukiona mbuzi njiani, usimweke tu mlangoni, mvalishe miwani. Mzee akasema, kitu kikikuchekesha hakiondoki." Alitabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Baadaye sukari ikampofusha. Akawa hatoki. Mimi nikienda kwa watoto, nikirudi, hata maji sijanywa, ananiuliza, 'Haya mama, safari ilikuwaje?' Basi namshika mkono namtembeza nyumbani, chumba kwa chumba, namwonyesha. Kwenye kiti chake nilikuwa naweka kile kikubwa kuliko vyote, maana ndicho alichokuwa akikingojea."

"Haya, na jana kwenye kiti uliweka nini?"

"Mwanamke mwenye kilemba na mtoto wa gauni la manjano."

"Na pikapu?"

"Na pikapu."

"Vyote kwenye kiti kimoja?"

Inspekta alinyanyuka akaenda dirishani. Uani, jua lilikuwa limeukausha mti wa kivuli hadi majani yamejikunja, na mahali pikipiki iliyomleta Sajini ilipopita pameachwa vumbi ambalo bado lilikuwa halijatua. Alilitazama vumbi hilo, kisha akayatazama mabuti ya Sajini, kisha mabega yake.

"Kijiti, huko bondeni umeona tope?"

"Tope? Afande, kule hata mate hukauka kabla hujatema."

"Na pale kwenye mapumziko?"

"Vumbi tupu. Mvua imekatika lini?"

"Bibi," Inspekta aligeuka. "Matairi uliyoyaona yana matope. Mabichi au makavu?"

Bibi alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulisogea hewani kama mtu anayesukuma mlango. "Mabichi. Yanaruka. Yamemrukia yule kijana usoni."

"Kijana yupi?"

"Anayesukuma."

"Hukuniambia kuna anayesukuma."

"Hukuniuliza, mwanangu."

Inspekta alirudi akaketi, magoti yake yakikaribia kugusa ya bibi. "Kabla ya jana, ulisafiri lini?"

"Wakati wa mvua. Nilikwenda kwa binti yangu."

"Uliporudi, ulimtembeza Mzee nyumbani ukamwonyesha?"

Hapo bibi alifumbua macho. "Mzee alikuwa ameshafariki."

"Ulimhadithia nani?"

"Hakuna."

"Binti?"

"Binti alinipokea kituoni, akaniuliza mizigo yangu mingapi. Watoto wangu wengine walipiga simu kuuliza kama nimefika. Nikawaambia nimefika." Alitazama mkoba wake. "Walijua nimefika."

"Hiyo safari ya mvua ulipoimaliza uliiweka wapi?"

"Iko nyumbani. Nilizoea kuiweka. Sikujua kuiacha."

"Na jana ukaiweka nyingine juu yake."

Bibi aliweka kiganja mdomoni. Jambo lilikuwa limemfikia. Zamani nyumba ilijifagia yenyewe, kwa sababu kila kilichosimuliwa kilitoka. Mzee akicheka, kitu kinaondoka, nafasi inabaki ya safari nyingine. Tangu Mzee afe hakuna aliyeifagia. "Nimewachanganya," alisema. "Ee Mungu wangu, nimewachanganya! Na mtoto wa watu hana dawa!"

"Tulia, bibi. Tutawatoa mmoja mmoja."

"Basi tuachane na ya mvua," alisema Sajini, "atuambie ya jana tu!"

"Hawezi. Ameshajaribu asubuhi, akatupa kabichi." Inspekta hakumtazama. "Ya mvua itoke kwanza."

"Afande! Jua linashuka. Kama yuko mlimani, usiku ni baridi, mtoto wa pumu hatoboi usiku wa pili. Unataka tukae tusikilize hadithi za mbuzi wa miwani?"

Inspekta aliigeuza saa, akaisoma, akailaza tena kifudifudi. Mlango ulikuwa umefunguka upenyo, na mama Kasuku alikuwa amesimama hapo, macho mekundu, amesikia. Wote watatu walimtazama.

"Mwacheni aseme," alisema mama Kasuku. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha, na kweli alikuwa amepiga. "Lakini nawaomba, nawaomba jamani, aseme upesi."

"Haendi upesi, mama," alisema Inspekta. "Akiruka chumba, tutafukuza kabichi tena."

Akamshika bibi mkono, kama alivyosikia kwamba Mzee alikuwa akishikwa. "Haya, bibi. Safari ya mvua ilikuwaje?"

Bibi alitikisika, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemtarajia. Kisha akaanza.

Mlangoni kulikuwa na jogoo. Abiria mmoja alimbeba ndani ya kapu, na kila dereva alipokanyaga breki, jogoo aliwika. Basi bibi alimfanya kitasa, ukimbonyeza mgongo mlango unafunguka. Kwenye msumari wa mwavuli alining'inia mwalimu aliyelala safari nzima mdomo wazi, ametundikwa kwa kola. Kwenye cherehani, mto uliofurika, maji mekundu, yakipita chini ya sindano kama kitambaa, na bibi akiyashona yasiivuke barabara.

"Yakatulia?" aliuliza Inspekta.

"Nusu. Nusu yakavuka." Bibi alicheka, na mama Kasuku, pale mlangoni, akang'ata kitambaa cha kichwa chake ili asipige yowe.

Kwenye pipa la maji alisimama askari wa barabarani, maji yamemfika kifuani, kofia kichwani, bado anayapungia magari mkono.

"Huyo ndiye," alinong'ona Sajini, ambaye alikuwa ameacha kukitafuna kijiti. "Huyo namjua."

"Kijiti."

"Samahani, afande."

"Sasa kiti," alisema Inspekta. "Kwenye kiti cha Mzee, siku ya mvua."

"Pikapu. Imekwama tope, turubai la kijani. Vijana wanasukuma, tairi linazunguka, mmoja akaanguka kifudifudi, akainuka mweusi wote, meno tu. Akawa anacheka mwenyewe. Basi lote likacheka. Nikasema, hii ya Mzee. Atacheka mpaka ashike ubavu." Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta. "Nikaiweka kwenye kiti chake. Nilikuwa najua hayupo. Nikaiweka tu."

Inspekta hakusema pole. Alifanya kitu kingine: alicheka. Si kicheko kikubwa, kilikuwa cha puani, cha mtu aliyemwona kweli yule kijana wa tope na meno yake. Bibi alimgeukia haraka.

"Imetoka?" aliuliza Inspekta.

Bibi alifumba macho. Mkono wake ulisukuma mlango. Chumbani hapakusikika kitu ila kipulizo, chaka, chaka. "Jogoo hayupo," alisema. "Mlangoni yupo muuza vioo, wa jana. Nimpite?"

"Mpite. Nenda kwenye kiti."

"Nimefika."

"Nani yupo?"

"Mwanamke mwenye kilemba. Mtoto amesimama kando, anaongea, anaongea. Hakuna pikapu."

"Mwanamke anafanya nini?"

"Anakamua mguu wa kiti."

Sajini aligeukia ukuta. "Tumekwisha," alisema.

"Nyamaza. Bibi, hakukamua kiti kweli."

"Hakukamua. Kweli alikuwa kwenye benchi la mapumziko, anamfuta mtoto kamasi kwa ncha ya kilemba chake mwenyewe, anamwimbia. Nilidhani ni mama yake. Nilisema moyoni, mama mwenye upendo huyo. Ndiyo maana nikampa kiti. Kumfanya akamue ni mimi, nilifanya ili asitoroke."

"Ungeweza kumfanya afue. Ungeweza kumfanya acheze ngoma. Kwa nini akamue?"

Bibi alikunja uso. Pua yake ilifunguka. "Harufu," alisema. "Alinuka maziwa. Si ya kunyonyesha, maziwa yaliyoanza kuchacha, kama dumu ambalo halijasuuzwa. Na miguuni..." Mkono wake ulishuka, ukagusa hewa karibu na sakafu. "Miguuni mabuti ya mpira. Meupe. Nikashangaa, jua lote hili, mabuti meupe ya nini? Nikasema, huyu anakamua."

Inspekta alikuwa ameshasimama. "Nani anavaa mabuti meupe ya mpira?"

"Bucha," alisema Sajini. "Hospitali, wanaoosha sakafu."

"Na anayenuka maziwa?"

Kijiti kilidondoka. "Kituo cha kukusanyia maziwa. Kule juu mlimani. Lori lao hushusha madumu mjini asubuhi, alasiri linarudi tupu, na linasimama pale mapumziko dereva anywe chai. Wafanyakazi hupanda nyuma. Afande, kule wote wana mabuti meupe!"

"Nipige simu huko?" aliuliza Inspekta.

"Hapana!" Alijijibu mwenyewe kabla Sajini hajafungua mdomo. "Simu ya kituo cha maziwa inapokelewa mbele ya kila mtu. Akisikia, atakimbilia msituni na mtoto. Chukua gari, panda kimya, usiwashe king'ora. Ukifika usiulize habari za mtoto. Uliza nani jana alirudi na lori. Na mama huyu aende nawe, na dawa yake."

Mama Kasuku alikuwa ameshafika kwenye gari kabla sentensi haijaisha.

Kisha ukaja ule muda ambao upelelezi wake ni kukaa tu. Inspekta aliweka redio ya upepo, ile ya kuzungumza na magari ya doria, katikati ya meza. Ilikuwa ikikoroma bila maneno. Jua lilihama kutoka ukutani likaingia sakafuni, likapanda mguu wa meza. Mara moja redio ilisema neno moja, "mawingu," ikakatika. Inspekta alitembea toka dirishani hadi mlangoni, akarudi. Kama alikuwa amekosea, gari liko mlimani, petroli imekwisha, na hakuna jingine. Bibi alikaa palepale, mkoba magotini, midomo ikitembea.

"Unaomba?" aliuliza Inspekta.

"Namshikilia," alisema bibi. "Kwenye kiti. Nisije nikampoteza na yeye."

Jua lilikuwa limefika juu ya meza redio ilipokohoa.

"Afande. Afande, unanipata?"

"Nakupata. Sema!"

"Tumempata. Alikuwa chumba cha nyuma, kule wanakokaushia madumu. Anapumua kwa shida, mama amempulizia dawa, sasa... ngoja... anapumua vizuri. Anaongea. Afande, mtoto huyu anaongea!"

Inspekta alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Na mwanamke?"

"Tunaye. Hakukimbia. Alikuwa anamchemshia maji." Redio ilikoroma. "Mtoto amevalishwa sweta, afande. Si lake. Limefuliwa, lakini lina mikunjo ya kukaa sandukuni siku nyingi. Nimemuuliza mwanamke hili ni la nani, hajibu. Anaushika tu mkono wa sweta."

"Usimvue. Baridi. Subirini hapo, naomba gari la wilaya liwafuate. Na Kijiti..."

"Afande?"

"Umefanya kazi."

Aliizima redio. Alivaa saa yake mkononi, akafunga dirisha, akachukua funguo. "Bibi, nyanyuka nikutafutie pikipiki ikufikishe nyumbani. Mtoto yu hai kwa sababu yako."

Bibi hakunyanyuka. Alikuwa akikibonyeza kile kifungo cha koti, anakiachia, anakibonyeza.

Inspekta alisimama na funguo zake. Alimtazama. Kisha alizirudisha mezani, akaivua saa, akailaza kifudifudi, akaketi.

"Mapema nilikuuliza unataka nini ukasema hutaki kitu," alisema. "Nakuuliza tena."

"Nilikuja kwa ajili ya mtoto," alisema bibi. "Usije ukadhani sikuja kwa ajili ya mtoto."

"Sidhani hivyo."

"Ila njiani nikija, nikawa nasema, polisi watauliza. Hao kazi yao kuuliza." "Yule muuza vioo bado yupo mlangoni. Kwenye msumari yupo mtu, kwenye pipa yupo mtu. Tumemtoa wa kwenye kiti tu."

"Sema unachotaka, bibi."

"Nataka uniulize na ya jana ilikuwaje."